Limoncello ya Nyumbani, Kileo cha Maganda ya Limau

Wengi wanaoonja limoncello kwa mara ya kwanza hudhani kwamba imetengenezwa kwa maji ya limau, ilhali kwa kawaida hamna ndani yake hata tone la maji hayo. Ladha yote hutoka kwenye ganda, na wala si ganda zima, bali ile ngozi nyembamba ya juu yenye rangi ya manjano. Likunje ganda bichi mbele ya mwali wa mshumaa uone: vifuko vidogo vilivyojaa mafuta hupasuka, na ukungu unaoruka huwaka kwa cheche za sekunde moja. Mafuta hayo ndiyo tunayoyatafuta, na kazi nzima, ya wiki nyingi, ni kuyatoa kwenye ganda na kuyahifadhi ndani ya pombe bila kuufuatisha uchungu.

Kileo hiki ni cha kusini mwa Italia, hasa mwambao wa Campania, kuanzia Sorrento hadi Amalfi, pamoja na kisiwa cha Capri. Malimau ya huko yana hadhi yake: lile la Sorrento, lenye umbo la yai, lilipewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya mwaka 2000, na lile refu la Amalfi, lenye ncha iliyochongoka, likafuata mwaka 2001. Yote mawili husifiwa kwa maganda yenye mafuta mengi. Sisi tusio na malimau hayo tutatumia tuliyonayo, ila tuchague vizuri. Ndimu, ile ndogo ya kijani yenye ganda jembamba, ina harufu nzuri lakini ni harufu nyingine kabisa, na kuimenya ni adhabu. Tafuta limau kubwa, zito mkononi, lililoiva hadi likawa manjano. Ngozi ikiwa na vinundu si kasoro. Malimau ya sokoni huwa hayajapakwa nta, tofauti na mengi yanayoagizwa kutoka nje, ambayo hung'aa na kuteleza. Hayo yasugue kwa brashi katika maji ya moto, kisha uyafute yakauke.

Kuhusu pombe, hapa sina mzaha. Waitaliano hutumia alkoholi ya nafaka yenye nguvu ya asilimia 95 au 96, iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywewa. Spiriti ya kuwashia taa, ya kusafishia vidonda au ya mafundi rangi haifai kwa hali yoyote, kwa sababu inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na hakuna kuchuja wala kuchemsha nyumbani kunakoweza kuiondoa. Gongo nalo uliache lilipo. Usipopata alkoholi halali ya kunywewa yenye nguvu hiyo, chukua vodka ya kawaida ya asilimia 40 isiyo na ladha. Matokeo yatakuwa mepesi zaidi, lakini yatakuwa salama.

Kwa nusu lita ya alkoholi ya asilimia 95, andaa malimau 6 hadi 8 kulingana na ukubwa, sukari gramu 400 na maji mililita 600. Menya kwa kisu cha kumenyea viazi, taratibu, bila kukandamiza, ili upate vipande vya manjano pekee. Sehemu nyeupe iliyo chini yake ndiyo mama wa uchungu. Mara yangu ya kwanza nilimenya kwa pupa, nikajiambia kwamba weupe kidogo hautadhuru, na baada ya mwezi mzima wa kusubiri nikapata chupa mbili za kitu kichungu kama shubiri ambacho sukari haikuweza kukiokoa. Tangu hapo kila kipande nakilaza juu ya ubao, upande mweupe ukiangalia juu, nakipitishia kisu kikali hadi ganda likaribie kupitisha mwanga. Malimau yaliyomenywa hukauka haraka, basi yakamue siku hiyohiyo.

Tia maganda kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina alkoholi hadi yafunikwe yote, funga vizuri, kisha weka kabatini mbali na jua na, zaidi ya yote, mbali na jiko, kwa maana alkoholi ya nguvu hiyo hushika moto upesi, na hata mvuke wake unawaka. Kwa siku za mwanzo itikise mara moja kwa siku. Kuhusu muda, kila familia ya Campania ina hesabu yake, na wapo wanaoapa kwamba chini ya siku 40 ni haraka. Kwa maoni yangu, alkoholi ya asilimia 95 humaliza kazi ndani ya wiki moja hadi mbili, ilhali vodka huhitaji wiki tatu au nne. Badala ya kutazama kalenda, toa ganda moja ulikunje: likiwa limepauka na linakatika kwa mlio kama karatasi kavu, limeshatoa lilichonacho.

Sasa pika shira. Pasha maji na sukari hadi sukari iyeyuke yote na maji yawe maangavu, kisha epua. Si shira nzito ya kaimati, kwa hiyo usiiache ichemke hadi ivutike. Iache ipoe kabisa, kwani kumwaga shira ya moto kwenye alkoholi ni kuita ajali. Chuja maganda, kisha mimina shira polepole huku ukikoroga. Maji ya dhahabu yaliyokuwa maangavu yataanza kufifia na kuwa na ukungu wa manjano. Usiogope, mafuta ya limau huyeyuka katika alkoholi kali lakini hayakai katika maji, hivyo nguvu ya pombe inaposhuka hujitenga kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ouzo ya Wagiriki hufanya vivyo hivyo ikiongezwa maji.

Nguvu ya mwisho unaweza kuikadiria mwenyewe. Gramu 400 za sukari zikiyeyuka huchukua nafasi ya karibu mililita 250, kwa hiyo jumla ya mchanganyiko ni kama mililita 1,350, ambamo alkoholi halisi ni mililita 475, yaani takribani asilimia 35. Ukitumia vodka mililita 750, weka maganda ya malimau 6, na shira iwe ya sukari gramu 200 na maji mililita 200 tu, upate karibu asilimia 28. Anayeiongezea vodka maji mengi kama ya alkoholi kali hupata sharubati yenye kileo kidogo, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine.

Tia kwenye chupa safi, uziweke gizani mwezi mmoja ili ukali utulie, kisha hamishia friza. Yenye asilimia 35 haitaganda, itazidi tu kuwa nzito kidogo. Hunywewa baada ya chakula, ikiwa baridi sana, katika vikombe vidogo vya mililita 30 au 40.

Njia hii hukubali pia machenza, na hata machungwa, ila machungwa ya ukanda wetu wa joto, kama yale ya Muheza, huiva huku ngozi ikiwa bado ya kijani, kwa sababu hakuna usiku wa baridi wa kuuondoa ukijani huo. Ganda la kijani hutoa ladha ya majani mabichi, kwa hiyo chagua yale yaliyoanza kuwa manjano, na uonje kila baada ya siku mbili.