Kuzamia visiwani kuwatafuta viumbe wadogo kama ukucha

Anza na maji. Kati ya visiwa vidogo bahari hupita kwenye milango myembamba, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo hukuvuta kabla hujatazama chochote. Mimi huenda siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nikaingia maji yakikaribia kujaa, yanapotulia kabla ya kugeuka. Saa hiyo ni ipi, muulize nahodha, usikisie.

Pima vyema risasi za mkandani, yaani vile vyuma vizito vya kukuzamisha. Ukiwa mzito utapiga mapezi ili usizame, utatimua mchanga, na hapo umeshapoteza. Teke langu moja liliwahi kuniharibia mzamo mzima. Tumia pumzi: ukivuta hewa unainuka kidogo, ukitoa unashuka. Mwamba usiuguse.

Sasa chagua kipande cha mwamba kisichozidi upana wa mkeka, ukae hapo dakika 10. Ndiyo, 10. Nilipokuwa nikizunguka sikuona kitu. Kila kitu hapo huyumba na wimbi. Wewe tafuta kinachojongea kivyake, au vidoti viwili vyeusi, maana hayo ni macho. Chunguza mgongo wa jongoo bahari: kuna uduvi wanaoishi juu yake. Ukiona utepe wa mayai uliojiviringa kama waridi, konokono asiye na gamba huenda yuko jirani. Washa tochi, kwani maji humeza rangi nyekundu kwanza, na bila mwanga yote huonekana ya samawati.

Farasi-bahari kibete, Hippocampus bargibanti, hafiki sentimita 3. Huishi kwenye matumbawe yaliyotandaa kama upepeo, na vinundu vyake ni sura ile ile ya tumbawe. Wanasayansi walimgundua mwaka 1969 huko New Caledonia, tumbawe lake lilipokuwa limeshatolewa baharini! Mara nyingi yuko kwenye kina kinachozidi mita 16, kwa hiyo angalia geji ya hewa na kina, pamoja na muda. Mmulike kwa pembeni, sekunde chache tu, umwachie mwenzako. Hana kope za kufumba. Akigeuka kukupa mgongo, ondoka.

Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika. Zile dakika 3 za kusimama kwa usalama kwenye kina cha mita 5 zimalizie kando ya ukuta wa mwamba ukiendelea kutazama. Konokono wangu wa kwanza, wa zambarau, nilimwona hapo.