Changarawe na Kalsiamu kwa Kuku wa Mayai: Namna ya Kuvitofautisha na Kuvilisha

Mbali na chakula chake cha kila siku, kuku wa mayai anayefugwa nyumbani anahitaji vitu viwili vigumu ambavyo wafugaji wengi huvichukulia kuwa ni kimoja. Cha kwanza ni changarawe, yaani vijiwe visivyoyeyuka, ambavyo hukaa ndani ya firigisi na kusaga punje na majani yaliyomezwa mazima. Cha pili ni chakula chenye kalsiamu, ambacho huyeyuka tumboni, huingia katika damu na hatimaye hujenga ganda la yai. Anayetoa kimoja akiamini kwamba ametoa vyote viwili atapata ama kuku anayeshindwa kusaga chakula, ama mayai yenye maganda mepesi.

Kuku anayeshinda nje akichakura hujiokotea vijiwe mwenyewe, isipokuwa pale ambapo udongo ni mfinyanzi mtupu. Anayefungiwa bandani juu ya maranda hana pa kuviokota. Akila chakula cha unga peke yake, haja yake ya changarawe ni ndogo. Lakini mara tu unapompa mahindi yaliyoparazwa, mtama, mchicha au majani ya aina yoyote, mwekee changarawe pia. Kuku mkubwa hutosheka na vijiwe vya milimita 3 hadi 5, takriban ukubwa wa punje ya mtama au zaidi kidogo, na kifaranga anayeanza kupewa punje au majani apewe mchanga mkavu wenye chembe za milimita 1 hadi 2. Chekecha, osha mpaka maji yatoke safi, kisha anika.

Mkazi wa Mwanza au Dodoma ana bahati, kwa sababu miamba ya huko ni ya matale, migumu, isiyoyeyuka kwa asidi ya tumbo. Mkazi wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa inampasa awe mwangalifu zaidi. Kokoto nyingi za pwani hutokana na matumbawe, ambayo ni mawe ya chokaa, ya jamii ileile ya mawe yanayochimbwa Wazo Hill, Dar es Salaam, kwa ajili ya saruji. Kokoto hizo humpa kuku kalsiamu, lakini huyeyuka ndani ya firigisi badala ya kudumu humo zikisaga. Ili kuzitambua, weka vijiwe vichache katika kikombe na uvidondoshee siki au maji ya ndimu. Vikitoa mapovu, ni vya chokaa na havifai kuwa changarawe, vikitulia, vinafaa. Kipimo hiki hakigharimu chochote, nami naona kila mfugaji wa pwani angekifanya kabla ya kujaza chombo cha kuku wake.

Kuhusu kalsiamu, hesabu yenyewe inaonyesha uzito wa jambo. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa si kalsiamu yote inayoliwa inayofyonzwa, kuku anayetaga vizuri anahitaji kula karibu gramu 4 kwa siku. Chakula cha kuku wa mayai kilichotengenezwa vyema huwa na kalsiamu ya kati ya asilimia 3.5 na 4.5. Anayechanganya mwenyewe pumba, mashudu na dagaa hulazimika kuweka kilo 8 hadi 9 za chokaa ya mifugo katika kila kilo 100 za mchanganyiko ili akifikie kiwango hicho. Unga wa mifupa husaidia, hasa kwa fosforasi yake, lakini peke yake hautoshi.

Sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, wakati kuku amelala na hali kitu. Chokaa ya unga huwa imekwisha kupita tumboni mapema, ilhali vipande vya milimita 2 hadi 4 hubaki katika firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Kwa sababu hiyo, maganda ya chaza na makombe yaliyotwangwa kwa kiasi, bila kufanywa vumbi, yana thamani kubwa. Yaoshe ili chumvi itoke, yaanike, yatwange kinuni, kisha yaweke wakati wa alasiri. Maganda ya mayai nayo yanafaa, mradi yachemshwe au yakaangwe makavu kwanza ili kuua vijidudu, na yavunjwe vipande vidogo visivyofanana tena na yai, kwa maana kuku akizoea kudonoa mayai ni vigumu kumwachisha.

Usitumie kamwe chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo ni chokaa iliyochomwa, nayo huunguza mdomo na utumbo. Chokaa ya mifugo ni jiwe lililosagwa tu.

Weka changarawe na maganda katika vyombo viwili tofauti, vikavu, mbali na kinyesi, wala usivichanganye na chakula kilichonunuliwa tayari. Kuku anayetaga hula maganda kadiri ya haja yake, na jogoo huyaacha au huyagusa kidogo. Vifaranga na kuku wanaokua wasipewe chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa kiwango chao cha kalsiamu ni takriban asilimia 1, na ziada hudhuru figo zao. Anza kubadilisha chakula kiasi cha wiki mbili kabla ya temba kutaga yai la kwanza, wakati mifupa yake inapoanza kuweka akiba.

Ikiwa maganda ya mayai yanabaki mepesi ingawa vyombo vimejaa, tazama kwingine. Katika joto kali kuku hula kidogo na huhema sana, na kuhema huko hupunguza kaboni dioksidi ambayo mwili hutumia kutengeneza ganda, kwa hiyo ongeza kivuli na maji baridi. Kuku asiyepata jua wala vitamini D hawezi kuifyonza kalsiamu ipasavyo. Kuku mzee hutaga mayai makubwa yenye ganda jembamba. Lakini mayai yakipoteza ganda ghafla katika banda zima, huku kuku wakikohoa, wakiharisha au wakipinda shingo, shuku mdondo (kideri) au ugonjwa mwingine wa njia ya hewa, watenge walioathirika, na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.