Kung'oa Skrubu Iliyoshikwa na Kutu kwa Grainda Ndogo ya Mkononi

Mlango wa stoo niliotakiwa kuushusha Tukuyu, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, ulikuwa wa mbao za paini kutoka Mufindi, nao ulishikiliwa na bawaba tatu zenye skrubu nne kila moja. Tisa kati ya skrubu hizo zilitoka kwa mafuta na bisibisi ya kawaida. Tatu za bawaba ya chini, zinazorushiwa maji ya mchirizi kila mvua inaponyesha, zilikataa kabisa, na nyota za vichwa vyake zilikuwa zimekwisha kulika kwa sababu kuna mtu aliyezilazimisha kabla yangu. Kwa skrubu za namna hiyo ndipo ninapotumia grainda ndogo inayoshikwa kama kalamu, ambayo wengi huiita Dremel kwa jina la kampuni iliyoanzishwa Racine, Marekani, mwaka 1932.

Yafaa kuelewa kwanza kinachoishika skrubu. Chuma kinapokutana na maji na hewa hugeuka kuwa kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo huvimba ndani ya nyuzi za skrubu na kuibana pande zote. Nguvu ya mkono peke yake huishia kichwani, ambako chuma ni kidogo, na ndiyo maana kichwa huharibika wakati mwili wa skrubu haujasogea hata kidogo.

Anza kwa kusafisha. Funga brashi ndogo ya waya kwenye grainda, uondoe kutu na rangi juu ya kichwa, kisha chokoa rangi iliyobaki kwenye nyota kwa ncha ya kisu. Mara nyingi rangi iliyopakwa mara tatu au nne juu ya bawaba hushikilia skrubu sawasawa na kutu. Dondoshea mafuta ya kupenya, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, matone mawili au matatu tu, kwa kuwa mbao iliyolowa mafuta haishiki rangi tena. Gonga kichwa kwa nyundo ndogo mara kumi hivi ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia, halafu uache hadi kesho yake. Mwezi Juni na Julai, asubuhi za Njombe na Makete zinapokuwa na baridi kali, oili huwa nzito, hivyo weka chupa juani kwanza.

Kesho yake, kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Mtikisiko huo wa kwenda mbele mara nyingi huvunja kutu ambayo kulegeza peke yake hakuivunji. Ikigoma, kata kwa grainda mfereji mpya juu ya kichwa cha skrubu, wa kuingiza bisibisi bapa.

Futa mafuta yote kwa kitambaa na uondoe vumbi la mbao lililo karibu, maana cheche zitaruka, na usithubutu kukata karibu na tangi la petroli. Vaa miwani ya kinga. Chagua diski nyembamba ya kukatia chuma na uhakikishe kuwa mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye diski au pakiti yake haipungui ile ya grainda, kwa sababu mashine hizi hufika mizunguko 30,000 kwa dakika na diski hafifu hupasuka. Kaa upande, uso wako usiwe kwenye mstari wa diski. Acha grainda ifikie mwendo wake kabla ya kugusa chuma, kisha gusa, inua, gusa tena, bila kukandamiza wala kuipinda diski ndani ya mkato.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Diski ni duara, kwa hiyo ukiizamisha mahali pamoja hukata mfereji wenye sakafu ya mviringo, wenye kina katikati na mwinuko pembeni, na bisibisi bapa hukaa juu ya pembe hizo mbili bila kufika chini. Sogeza diski taratibu kutoka ukingo hadi ukingo mpaka sakafu inyooke, hata kama utakwaruza bati la bawaba kidogo. Kina kisizidi nusu ya unene wa kichwa, hasa kwa skrubu za kichwa kilichozama, kwani zaidi ya hapo kichwa hugawanyika vipande viwili.

Ingiza bisibisi bapa inayojaza mfereji huo wakati chuma bado kina joto, kwa kuwa joto nalo hulegeza kutu. Kandamiza kwa uzito wa mwili, na kama shina la bisibisi ni la pembe nne, lizungushe kwa spana. Ikisogea hata kidogo, irudishe, tia tone la mafuta, uendelee hivyo mbele na nyuma hadi iwe nyepesi.

Mbili kati ya zile tatu zilitoka hivyo. Ya tatu nilisaga kichwa chote kwa jiwe la grainda, nikainua bawaba, nikashika kisiki kilichobaki kwa plaizi ya kubana. Sishauri vyuma vidogo vya kutolea skrubu vinavyopigiliwa ndani ya tundu, maana vikikatikia humo ni vigumu kiasi kwamba keekee ya kawaida haiwezi kuvitoboa.

Tundu lililotanuka lijaze kijiti cha mbao chenye gundi, likauke, kisha utoboe upya kwa keekee nyembamba na kufunga skrubu ya chuma kisichoshika kutu, iliyopakwa grisi kwenye nyuzi zake.