Jinsi ya Kuitambua Zana ya Kale Uliyoachiwa na Ndugu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa hapa Kigoma kuitambua zana aliyoachiwa na mjomba wake. Kilikuwa kipande cha feleji chenye urefu wa shubiri moja, shingo ya duara na mdomo uliotanuka kama mkia wa samaki, na ukoo mzima ulikwisha kukubaliana kwamba ni patasi iliyoishiwa makali. Kilichobaki kilikuwa kuipeleka kwenye jiwe la kunolea. Mimi ni seremala, na ninaamini kwamba zana nyingi za kale huharibiwa na warithi wenye nia njema kabla hazijatambuliwa. Ndiyo maana mpangilio wa hatua zifuatazo una uzito kuliko hatua yoyote peke yake.

Hatua ya kwanza: usinoe na usisafishe

Piga picha za pande zote ukiwa umeweka rula kando ya zana, kisha iviringishe katika kitambaa kikavu. Uchafu ulioganda juu yake ni ushahidi, na ukishaondoka haurudi.

Hatua ya pili: uliza kazi ya marehemu, usiulize jina la zana

Ukiwaonyesha wazee chuma na kuwauliza ni nini, kila mmoja atakupa jina, kwa sababu si adabu kumrudisha mgeni mikono mitupu. Uliza badala yake marehemu aliamka kwenda wapi, alifuatana na nani, alirudi na nguo zenye doa la nini, na zana hiyo ilikuwa imelala pamoja na vitu gani sandukuni. Katika habari ya kijana niliyemtaja, mama yake mkubwa hakuijua zana yenyewe, lakini alikumbuka vizuri kwamba marehemu alikuwa akirudi kutoka Kibirizi, kwenye mwalo wa maboti, akiwa na lami kucharani na mafungu ya pamba mfukoni. Maelezo hayo yalitufaa kuliko majina yote tuliyopewa.

Hapa Kigoma kuna tahadhari moja ya kuzingatia. Karibu kila chuma kizito cha kale hudaiwa kuwa kilitoka kwenye meli ya Liemba. Ni kweli kwamba meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku na kuungwa hapa kwa ribiti (pini za chuma zinazopondwa vichwa) hadi ikashushwa majini mwaka 1915. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la sasa. Hata hivyo, mji huu umekuwa na reli tangu mwaka 1914, umekuwa na bandari, wahunzi na waundaji wa maboti ya mbao, na kila kazi kati ya hizo ilikuwa na zana zake. Ipokee habari ya Liemba kwa heshima, uiandike, kisha uendelee na uchunguzi.

Hatua ya tatu: soma uchakavu

Umbo hudanganya, kwa kuwa zana za kazi tofauti kabisa hufanana. Uchakavu hutokana na matumizi yenyewe, kwa hiyo mimi huuamini zaidi. Anza na kichwa. Kichwa kilichogongwa kwa nyundo ya chuma miaka mingi huchanua na kingo zake kujikunja kuelekea chini, ilhali kile kilichogongwa kwa nyundo ya mbao huviringika na kung'aa bila kuchanua. Usikigonge kichwa kilichochanua ili kujaribu zana, kwa sababu kingo hizo hukatika na kuruka vipande vinavyoweza kupofusha jicho.

Kisha tazama mdomo. Mdomo ulionolewa upande mmoja ni wa patasi ya kuchongea mbao, na ulionolewa pande mbili katika kipande kifupi kinene mara nyingi ni wa tindo ya kukatia chuma. Mdomo uliopinda kuelekea kwa mtumiaji, ukiwa na tundu au shingo ya kufungia mpini, ni wa tezo. Ukikuta kipande kizito chenye shimo la mviringo, laini ndani, kwenye ncha yake, hicho ni chuma cha kuundia vichwa vya ribiti, nacho ni cha kawaida katika mji wenye meli za chuma.

Mdomo wa zana yetu haukuwa na makali, na wala haukuwahi kuwa nayo. Ulikuwa bapa, wenye unene sawa kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake ilipita mifereji miwili membamba iliyochongwa kwa ustadi. Ndani ya mifereji hiyo, tulipoitazama kwa kioo cha kukuzia, mlikuwa na lami kavu iliyonasa nyuzi za pamba. Patasi iliyoishiwa makali huwa na mapengo na mikwaruzo isiyo na mpango; haipati mifereji miwili inayokwenda sambamba. Zana hii haikuundwa kukata. Iliundwa kusukuma kitu laini ndani ya mwanya bila kukikata, yaani kukalafati, kuziba kwa pamba na lami maungio ya mbao za boti.

Mpini usiutumie kukadiria umri. Mipini hubadilishwa kila inapovunjika, na mpini wa mninga juu ya chuma cha ng'ambo unakueleza tu kwamba zana ilitengenezwa upya huku.

Hatua ya nne: tafuta mhuri na uusome

Hatua hii ndiyo iliyotuchelewesha kuliko zote. Mihuri hupigwa mahali ambapo hapachakai: shingoni, ubavuni karibu na mpini, au juu ya bapa la mdomo. Kina chake mara nyingi hakizidi unene wa ukucha, na kutu ikiondolewa kwa pupa huondoka na herufi. Kwa hiyo grenda, msasa na brashi ya waya visikaribie eneo hilo kabisa. Katika jambo hili sina mjadala na mtu.

Chukua kwanza sampuli ya uchafu wa mdomoni kwa kijiti, uifunge katika karatasi. Kisha paka mafuta ya taa sehemu unayoishuku tu, uache usiku kucha, na asubuhi usugue taratibu kwa mswaki uliochakaa. Rudia hadi rangi ya kutu ipungue. Wapo wanaopendelea siki au ndimu. Vyote viwili hula kutu, lakini hula na chuma chenyewe, na zana iliyosahauliwa ndani ya siki hutoka nyeusi, yenye vishimo, na mhuri wake umefifia. Ukilazimika kutumia siki, gusisha sehemu ndogo, kagua mara kwa mara, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha papo hapo na upake mafuta. Oili chafu ya gari usiitumie kamwe kabla ya kusoma mhuri, kwa kuwa masizi yake hujaza herufi.

Kusoma nako kuna namna yake. Mwanga wa moja kwa moja hufuta kina. Ingia chumbani penye giza, laza tochi ya simu kando ya chuma ili mwanga utambae juu ya uso wake, kisha zungusha zana polepole huku mwenzako akipiga picha. Unga mkavu wa muhogo ukipakwa na kufutwa kwa kiganja hubaki ndani ya herufi na kuzidhihirisha. Kupitisha penseli juu ya karatasi nyembamba hufaa kwa mihuri mikubwa peke yake.

Ukishaziona herufi, jiulize kwanza ni za nani. Mhuri wa kiwanda hupigwa kwa kifaa kimoja, hivyo herufi zake hulingana kwa kimo na hukaa katika mstari ulionyooka. Alama ya mwenye mali hupigwa herufi moja moja, hivyo moja hupanda, nyingine huinama, na nafasi kati yake hazilingani. Kijana alikuwa amekesha kwenye intaneti akitafuta kiwanda chenye herufi tatu alizoziona ubavuni, asipate chochote. Herufi hizo zilikuwa zimepinda kila moja upande wake, na tulipozisoma mbele ya mama yake mkubwa alizitambua mara moja kuwa ni za jina la babu mzaa mama. Zana ilikuwa imerithiwa hata kabla ya kumfikia mjomba.

Mhuri wa kiwanda wenyewe ulijitokeza shingoni: SHEFFIELD, na juu yake CAST STEEL. Maneno hayo yanahusu feleji iliyoyeyushwa katika vyungu, ufundi ulioanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, lakini yaliendelea kupigwa kwenye zana hadi karne ya 20, kwa hiyo hayatoshi kuthibitisha ukale. Alama nyingine husaidia zaidi kuweka mipaka ya umri. D.R.G.M. ni alama ya Ujerumani ya usajili wa ubunifu wa vifaa, ulioanza mwaka 1891. W. GERMANY, yaani Ujerumani Magharibi, haiwezi kutangulia mwaka 1949. EAR&H ni alama ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Mshale mpana wa mistari mitatu ulionyesha mali ya serikali ya Uingereza. Kumbuka kwamba alama hizi hueleza chuma kilitoka wapi au kilikuwa mali ya nani. Kazi kilichoifanya utaijua kutokana na uchakavu.

Hatua ya tano: ipeleke kwa wanaoifanya kazi hiyo

Nenda na zana pamoja na kipande cha mbao chenye mwanya. Mwamkie fundi mzee, mwombe aonyeshe jinsi angeishika, na usitaje jina unalolidhania. Kule Kibirizi mzee aliipokea, akaigeuza mdomo chini, akasokota pamba kwa kidole gumba na kuanza kuishindilia mwanyani kabla hatujamaliza salamu. Mkono wa mtu aliyeizoea kazi ni ushahidi ninaouthamini kuliko picha mia za mtandaoni.

Hatua ya sita: hifadhi

Paka mafuta ya cherehani kidogo, si mawese, kwa sababu mawese huacha utando unaonasa vumbi. Funga kikaratasi chenye jina la zana, kazi yake, maneno ya mhuri, majina ya waliokuwa nayo kwa mfuatano, na jina la fundi aliyeithibitisha. Ile sampuli ya uchafu iweke pamoja nayo.