Kubadilisha kazi za vitufe maalumu vya kibodi isiyo na waya kwenye Linux

Vitufe vya ziada vilivyo juu ya kibodi nyingi zisizo na waya, kama vile vya sauti, kikokotoo na barua pepe, hubaki bila kazi kwa sababu watu hukimbilia kusakinisha programu kabla ya kujua kitufe chenyewe kinaipelekea kompyuta nini. Mwongozo huu unaanza na kukisikiliza kitufe, kisha ndipo tukibadilishe. Nimeuandika kwa ajili ya Linux, ambako kazi yote inaweza kufanywa kwa faili moja fupi, na mwishoni nimewagusia watumiaji wa Windows na Mac.

Hatua ya 1: Imarisha muunganisho. Kibodi hizi huunganishwa ama kwa kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye mlango wa USB, ama kwa Bluetooth, na kwa kawaida njia zote mbili hutumia masafa ya 2.4 GHz. Herufi zikirukwa au zikijirudia ilhali betri ni nzima, kitazame kipokezi kimechomekwa wapi, kwa maana milango ya USB 3.0 na vifaa vyake hutoa kelele ya redio katika masafa hayohayo. Kihamishie mlango mwingine, au tumia waya mfupi wa kurefusha ili kikae mbali kidogo na kompyuta.

Hatua ya 2: Chunguza kitufe cha Fn. Katika kibodi nyingi kitufe hiki hakitumi chochote kwa kompyuta, bali hubadilisha tu kile ambacho vitufe vingine vitatuma. Kwa hiyo usipoteze muda kujaribu kukipa kazi mpya. Ikiwa safu ya F1 hadi F12 inaongeza sauti wakati wewe unataka F5, jaribu kubonyeza Fn pamoja na Esc, kwa kuwa watengenezaji wengi wameweka kufuli ya Fn mahali hapo.

Hatua ya 3: Sikiliza kitufe. Sakinisha evtest, programu ndogo inayoonyesha kile ambacho kila kitufe kinatuma, kisha uandike amri hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

sudo evtest

Utaona orodha ya vifaa, na usishangae kibodi moja ikitokea mara mbili au tatu, kwa sababu vitufe vya kawaida na vile vya sauti mara nyingi huhesabiwa kuwa vifaa tofauti. Chagua kimoja, bonyeza kitufe unachokichunguza, na pasipotokea kitu jaribu kinachofuata. Kitufe cha kikokotoo, kwa mfano, kwa kawaida huleta mstari wa MSC_SCAN (namba inayotumwa na kitufe chenyewe) wenye thamani c0192, ukifuatiwa na KEY_CALC, jina ambalo Linux imekipa kitufe hicho. Andika thamani hiyo pembeni. Nakili pia mstari wa juu unaoanza na «Input device ID», kwani humo zimo namba za bus (aina ya muunganisho), vendor (mtengenezaji) na product (bidhaa). Ikiwa umejaribu vifaa vyote na bado hakuna kinachoonekana, basi huenda kitufe hicho kinaishia ndani ya kibodi, na hatua zinazofuata hazitakisaidia.

Hatua ya 4: Andika kanuni ya kuiambia Linux ikipe kitufe hicho jina jipya. Tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb lenye mistari miwili ya namna hii, ukiweka namba za kibodi yako badala ya 1234 na 00AB:

evdev:input:b0003v1234p00AB*
 KEYBOARD_KEY_c0192=prog1

Mambo mawili hapa ndiyo huwakwamisha watu wengi. Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja, na herufi zilizomo katika namba za vendor na product lazima ziwe kubwa, ingawa evtest huzionyesha zikiwa ndogo. Alama b0003 inamaanisha USB, ilhali Bluetooth ni b0005. Kibodi inayotumia njia zote mbili inaweza pia kuwa na namba tofauti kwa kila njia, hivyo iandikie kanuni mbili.

Nimechagua prog1, jina la kitufe cha ziada cha kufungulia programu, kwa makusudi. Mazingira ya zamani ya X11, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini za Linux, hayavioni vitufe vyenye namba zinazozidi 247 katika orodha ya Linux, na prog1, ambayo ni 148, iko salama.

Hatua ya 5: Pakia kanuni kwa amri hizi mbili:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Rudia evtest. Thamani c0192 itabaki ileile, lakini jina sasa liwe KEY_PROG1. Lisipobadilika, chomoa kipokezi na ukichomeke tena kabla ya kuanza kulikagua faili.

Hatua ya 6: Fungua mipangilio ya kibodi katika eneo-kazi lako, ongeza njia ya mkato mpya, andika amri ya programu unayoitaka, na unapoombwa kubonyeza, bonyeza kitufe hicho.

Kwenye Windows, PowerToys, programu ya ziada ya Microsoft, inayo sehemu ya Keyboard Manager inayofanya kazi kama hii, ila hufanya kazi pale tu programu inapokuwa inaendeshwa, kwa hiyo usiitegemee kwenye skrini ya kuingiza nywila. Kwenye Mac, mipangilio ya kibodi inatosha kwa kubadilishana vitufe kama Control na Command, na kila kibodi huwekewa mpangilio wake. Kwa vitufe vingine tumia programu ya Karabiner-Elements.