Kupima Kazi Nyumbani kwa Mteja: Lini Iwe Bure, Lini Itozwe

Fundi yeyote wa paa, bomba, umeme au rangi jijini Mbeya amekwisha kupokea simu ya "Fundi, njoo uangalie kazi." Kabla ya kuchukua futi kamba, jiulize ni nani anayeilipia safari hiyo, kwa sababu safari isiyotozwa hulipiwa hata hivyo, ama na wewe mwenyewe, ama na mteja mwingine asiyejua.

Anza kwa kupiga hesabu ya safari zako za mwezi uliopita. Tuseme nauli ya kutoka Mwanjelwa hadi Uyole na kurudi ilikuwa shilingi 3,000, na muda uliotumia ungekuingizia 5,000. Safari moja ni 8,000. Ikiwa kwa kila nyumba nne unazopima unapata kazi moja, kazi hiyo imebeba shilingi 32,000 kabla hujapigilia msumari hata mmoja. Ufundi wa laki tatu unaweza kuihimili gharama hiyo, lakini ufundi wa kubadilisha koki hauwezi.

Kwa hiyo ninashauri kwamba kazi kubwa inayopimika kwa macho na futi kamba, kama kuezeka, kuweka vigae au kupaka rangi nyumba nzima, ipimwe bure ndani ya jiji, kwa kuwa mteja makini ana haki ya kulinganisha mafundi wawili watatu. Kwa kazi ndogo, omba picha na vipimo kwa WhatsApp, kisha taja bei ya kuanzia.

Kutafuta hitilafu ni habari nyingine kabisa. Chukua paa linalovuja Tukuyu, kwenye mvua nyingi za Rungwe. Doa la silingibodi mara nyingi haliko chini ya tundu lenyewe: maji huingia penye msumari uliolegea, hufuata mbao ya kenchi, na kudondokea mbali. Ili kulipata tundu hilo utaingia darini na tochi, huku mwenzako akimwaga maji juu ya bati sehemu kwa sehemu, akianzia chini na kupanda polepole, mpaka uone unyevu unapoanzia. Ukishapaonyesha, kilichobaki ni kubadilisha msumari na mpira wake, jambo ambalo kijana yeyote wa mtaani atalifanya kwa bei ndogo kuliko yako. Huo utafutaji utoze.

Utoze kwa kutaja bei kwenye simu, kamwe si getini: "Mama, kuja Tukuyu na kutafuta panapovuja ni shilingi 20,000, ukitupatia kazi, tutazikata kwenye ufundi." Asiyekubali amekuachia siku yako.

Hata pale unapopima bure, usigawe kila kitu. Niliwahi kumwandikia mteja orodha kamili ya bati, mbao na misumari, na baadaye nikaikuta kwa fundi mwingine aliyekuwa akiezeka nyumba ile ile, mwandiko wangu ukisomeka vizuri. Iliniuma sana. Siku hizi karatasi ya bure ina jumla ya gharama, maelezo ya kazi itakayofanyika na muda wake. Idadi ya kila kifaa hutolewa baada ya malipo ya awali. Juu ya karatasi hiyo ya bure naandika tarehe, na kwamba bei hiyo inasimama kwa siku 14, kwa sababu bei ya bati haikai mahali pamoja.