Kupanga Juma la Msanii wa Sauti: Tamthilia, Ukili na Marafiki kwa Koo Moja

Anayeishi kwa kuingiza sauti Dar es Salaam huwa na kazi za namna tatu mkononi kwa wakati mmoja: tamthilia za nje zinazowekewa Kiswahili, matangazo ya redio, na vitabu au masomo ya kusikiliza anayoyarekodi nyumbani. Tangu TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili mwaka 2011, watazamaji wamezoea. StarTimes na Azam TV nazo huwaletea za Kichina na za Kituruki. Kazi ipo. Kinachovuruga juma ni kulipanga kwa saa peke yake: saa mbili asubuhi studio, saa nane mchana tangazo, jioni kikao cha harusi, usiku kumalizia sura ya kitabu. Kwenye kalenda vyote vinaenea, lakini vyote vinatumia koo lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kalenda, gawa kazi zako kwa uzito wa koo. Nzito ni mayowe, kilio, ugomvi, kukimbia huku unahema, sauti ya kizee au ya jini, na tangazo la kunadi bidhaa kwa kelele. Za wastani ni mazungumzo ya kawaida ya tamthilia. Nyepesi ni kitabu, maelezo ya simu za huduma, somo la shule. Kazi nzito zisizidi saa 2 kwa siku, na siku mbili nzito zisifuatane. Za wastani na nyepesi zinaweza kufika saa 4 za kutamka, ukipumzika dakika 10 kila baada ya dakika 50. Halafu hesabu na matumizi ambayo wengi huyasahau: mazoezi ya kwaya, ushereheshaji, kushangilia mpira, na jumbe za sauti za WhatsApp.

Juma linalofuata hesabu hiyo huwa hivi: Jumanne na Alhamisi ni za studio na mambo mazito, Jumatano ya kurekodi nyumbani, Ijumaa ya marudio na kutuma faili, Jumamosi ya watu, Jumapili na Jumatatu za mikono na macho. Studio ikikubadilishia siku, sogeza zote kwa pamoja ili siku nyepesi ibaki katikati ya zile mbili nzito.

Jumatatu: kalamu

Soma skripti kimya, penseli mkononi. Skripti ya tamthilia huja na namba za muda. 01:12:08:20 maana yake saa ya kwanza, dakika ya 12, sekunde ya 8, fremu (picha moja katika mfululizo) ya 20. Kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde, namba ya mwisho haivuki 24. Ukiona 27, picha imetengenezwa kwa mfumo mwingine au mtafsiri amekosea. Mwulize prodyuza siku hiyohiyo, maana ukigundua kesho ndani ya kibanda cha kurekodia utakuwa unawachelewesha watu wanne.

Tatizo kubwa ni urefu. Maneno yetu yana silabi nyingi, na mwigizaji wa picha hatakusubiri. Msomaji anayesikika vizuri hutoa silabi 5 hadi 6 kwa sekunde, hivyo pima mstari kwa silabi. “Mimi nitakuja kukuona wewe kesho” ina silabi 14. “Kesho nakuja kukuona” ina 9, na haijapoteza kitu, kwa sababu kitenzi tayari kimembeba mtendaji na mtendwa. Umeokoa karibu sekunde nzima. Futa “mimi” na “wewe” zisizo na mkazo, tumia “mamangu”, “mwenzio”, “nduguye”. Usikimbize mstari mrefu ili uenee. Mtazamaji husikia pupa kabla ya kusikia maneno.

Kwa picha za karibu, angalia midomo inapofungwa. Kiswahili huishia na irabu, mdomo ukiwa wazi. Mwigizaji akifunga mdomo mwishoni mwa kauli, tafuta neno lenye m, b au p kwenye silabi ya mwisho: pale maana inaporuhusu, “amehama” hukaa mdomoni mwake vizuri kuliko “ameondoka”. Usihangaike hivyo kwa mtu aliyegeuka au aliye mbali. Mabadiliko yote yaandikwe pembeni na yapite kwa mwongozaji, kwa kuwa jina au ahadi uliyoipunguza leo inaweza kurudi sehemu ya 40.

Tangazo la sekunde 30 libebe maneno 55 au 60 hivi. Mteja akileta 85, mrudishie siku hiyo na pendekezo la nini kikatwe.

Jumanne na Alhamisi: studio

Amka mapema, zipite saa 2 kabla hujatamka kwa nguvu. Sauti ya alfajiri ni nzito kwa sababu nyuzi za sauti zimevimba kidogo. Inavutia kwa mzee au jambazi, lakini ukipigia kelele kabla haijapashwa, mchana itapasuka. Pasha kwa mrija: tia maji theluthi ya bilauri, zamisha mrija sentimeta 2 hadi 3, vumisha sauti ndani yake dakika 5, ukipanda na kushuka taratibu. Mapovu yatoke sawasawa. Yakikatika, pumzi yako inayumba.

Maji yanywe kuanzia asubuhi, si mlangoni mwa kibanda. Unachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti. Hupitia mwilini kwanza, na hilo huchukua muda. Chakula cha usiku uliotangulia nacho kina sehemu yake: chipsi mayai na pilipili za saa tano usiku hupandisha asidi ukilala, na asubuhi koo huwa limekauka na lina utando. Maliza kula zikiwa zimebaki saa 3 kabla ya kulala.

Omba mayowe, vilio na milio ya kupigwa viwekwe mwisho wa kipindi. Mwongozaji anayejua kazi atakubali bila mjadala. Vikiwekwa mwanzo, mazungumzo yote ya baadaye yatakuwa na mkwaruzo, na mhusika atasikika ana mafua sehemu nzima. Vaa pamba laini. Bangili, shanga, saa ya chuma na kanga mpya yenye wanga vyote huingia kwenye maiki.

Usikohoe kusafisha koo, maana kila kikohozi hugonganisha nyuzi. Meza mate au vumisha kidogo. Mdomo ukianza kutoa milio ya kunata, vipande viwili vya tufaha la kijani husaidia. Peremende za kupoza koo ziache, maana huficha maumivu ambayo ungepaswa kuyasikia.

Jumatano: kurekodi nyumbani

Trei za mayai ukutani hazifanyi kazi. Hazizuii bodaboda wala hazimezi mwangwi wa sauti nzito. Kinachosaidia ni uzito: blanketi mbili nene zilizotundikwa kwenye fremu kiasi cha sentimeta 30 kutoka ukutani, nyuma yako na ubavuni. Nyuma yako ndiko muhimu zaidi, kwa kuwa maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kabati lililojaa nguo, milango wazi, ni zuri pia. Kama mtaa una kelele, maiki ya dainamiki itakufaa kuliko ya kondensa, ambayo husikia hadi jogoo wa nyumba ya tatu.

Kaa umbali wa shubiri moja, sentimeta 15 hadi 20, na igeuze maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni. Mbele yake weka kizuia pumzi. Soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya mduara wa waya inatosha. Jaribu kwa “Papa wa Pemba hupiga pembe”: ukisikia mapigo ya upepo, igeuze maiki zaidi kabla ya kuongeza umbali. Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), chaneli moja (mono), 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti vikicheza kati ya -12 na -6 dB. Ukinyamaza, kelele ya chumba iwe chini ya -60 dB. Ikizidi, zima feni na friji. Funguo za nyumba ziweke ndani ya friji, na hutatoka bila kuiwasha tena.

Saa nzuri kwa mitaa mingi ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, watoto wakiwa shule, na adhana ya adhuhuri bado. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, paa la bati halikupi uchaguzi: mvua ikianza, simama, hariri ulichonacho. Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima na uhifadhi kila dakika 15, umeme usije ukachukua sura nzima.

Ukikosea, piga kofi moja na urudi mwanzo wa sentensi. Mlio ule utaonekana kwenye mchoro wa sauti na kuhariri kutakwenda haraka. Hata hivyo, anayeanza atatumia saa 4 hadi 6 kwa kila saa moja iliyokamilika, kwa hiyo usiahidi kitabu cha saa 8 kwa juma moja. Kumbuka na bando: dakika moja ya WAV hiyo ni karibu MB 9, sura ya nusu saa inafika MB 260. Ibadilishe iwe FLAC, hupungua mara nyingi hadi karibu nusu bila kupoteza ubora. MP3 iwe ya kumsikilizisha mteja tu.

Kwenye makubaliano andika mambo matatu: makosa yako ya kusoma unarudia bure mara moja, mabadiliko ya skripti yanalipiwa, na sauti yako haitumiki kufundishia mashine ya kuiga sauti bila mkataba mwingine. Hilo la tatu lisiachwe hata kwa mteja wa siku zote.

Kazi za mikono

Hizi ndizo saa koo linapopumzika kweli, kwa hiyo zipewe nafasi rasmi. Lakini chagua kwa pua. Batiki ina mvuke wa nta na harufu ya haidro na kostiki soda, kemikali za kutilia rangi, inayochoma koo. Ifanyie uani, barakoa usoni, Jumamosi asubuhi au baada ya faili za Ijumaa kwenda, kamwe si mkesha wa kurekodi. Vumbi la mpingo huwasha koo na mapafu vilevile, hivyo anayechonga au kupiga msasa afuate kanuni hiyohiyo.

Kusuka ukili, ukanda wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kunafaa kuliko vyote. Chemsha ukindu kwenye rangi Jumamosi, mbali na chumba cha kurekodia, uanike kivulini. Jumapili uloweshe kidogo tu, uufunge kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka ulainike. Ukiwa mkavu hukatika na kukata vidole. Ukilowa mno, ukili hunywea ukikauka na kuacha nafasi, na mkeka utalegea kwenye mishono. Ukili uliosukwa huviringishwa na kubebwa, kwa hiyo unafaa kwa kusubiri zamu studio, ila ubaki ukumbini: ndani ya kibanda unachakarisha.

Kroshia ni kimya zaidi. Sindano ya milimita 4 na uzi wa sufu wa unene wa kati hutosha kwa kitambaa cha kochi. Usifumie karibu na maiki, nyuzinyuzi hunasa kwenye wavu wake. Na usisuke wala kufuma huku unaimba au unaongea kwa simu ukadhani unapumzika.

Marafiki

Kinachochosha koo zaidi ya studio ni kuongea juu ya muziki. Baa yenye spika kubwa kwa saa mbili ni sawa na kipindi kizito, bila malipo. Kutana na wenzako Jumamosi, na mahali pawe barazani au ufukweni mchana. Wanawake wa pwani wamesuka ukili wakipiga soga miaka nenda rudi, na mpango huo unakufaa: mkeka mmoja, watu wanne, kila mmoja na ukili wake, sauti za kawaida.

Jumatano na Alhamisi jibu ujumbe wa sauti kwa maandishi. Waambie wenzako mapema sababu yake, wasidhani umenuna. Kunong’ona nako si kupumzika, hukaza koo kuliko kusema taratibu.

Rafiki akikuomba uwe mshereheshaji wa harusi yake, hesabu saa 4 au 5 za kusema juu ya muziki. Ukikubali, Jumapili iwe ya kimya, na Jumanne usipange mayowe. Dai maiki nzuri na spika inayokutazama, ili usipige kelele kwa kutojisikia. Akitaka tangazo la duka lake bure, mpe siku iliyo nyepesi, Ijumaa mchana, sekunde 30, rudio moja.

Sauti ikikwama

Ikikauka siku moja kabla ya studio, mpigie prodyuza jioni hiyo. Ataweza kuanza na mhusika mwingine. Asubuhi ni kuchelewa. Vuta mvuke wa maji yaliyopoa kidogo kwenye bakuli dakika 5 hadi 10, usiinamie sufuria inayotokota. Kama kuna maumivu unapotamka, usirekodi hata mstari mmoja. Mkwaruzo ukifikisha majuma matatu, au ukikohoa damu, au kumeza kukiwa shida, nenda kwa daktari wa koo, pua na masikio akaziangalie nyuzi kwa kamera, na umwambie wazi kwamba unakula kwa sauti, apate kujua ni saa ngapi kwa siku unazitumia.